Isaac Murphy na hukumu ya mpanda farasi aliyeyumba

Utangulizi

Itebero hakuna farasi. Msitu wa Walikale, mvua zake na mbung'o wake havijampa mnyama huyo nafasi ya kuishi kwetu. Tunachopanda sisi ni pikipiki, na anayeiendesha tunamwita motari. Motari akianguka kwenye matope pamoja na abiria wake, au akimwaga bidoni za mawese njiani, watu hukusanyika, na kabla mtu hajamnyanyua utasikia swali moja likiulizwa: huyu amelewa? Mara nyingi swali hilo halingoji jibu. Kufika jioni amandi, yaani faini, imeshakadiriwa, na jina la mlevi limeshamganda.

Nimekua nikilisikia swali hilo. Nilipoanza kusoma isimu nilianza kulisikia kwa namna nyingine, kwa sababu lina umbo la swali lakini ndani yake limebeba hukumu. Makala haya yanasimulia maisha ya mtu aliyehukumiwa hivyo mbele ya umati, ilhali alikuwa hodari kuliko wenzake wote wa kazi yake. Mtu huyo ni Isaac Burns Murphy, mpanda farasi Mmarekani mweusi aliyezaliwa mwaka 1861 na kufariki mwaka 1896. Maisha yake yanatupa nafasi ya kutazama jambo ambalo wanaisimu hatulitazami mara nyingi: jinsi mchezo unavyowaadhibu wale wanaoendesha vibaya, na jinsi adhabu inavyotegemea neno linalochaguliwa kueleza kilichotokea.

Mtoto wa Kentucky

Murphy alizaliwa katika jimbo la Kentucky wakati utumwa ungali halali huko. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza Marekani mwaka huohuo wa 1861. Baba yake alijiunga na jeshi la serikali ya Muungano, kama walivyofanya watumwa wengi wa Kentucky waliotafuta uhuru kwa njia ya bunduki, na hakurudi nyumbani. Mtoto alilelewa na mama yake, America, katika mji wa Lexington, karibu na babu yake Green Murphy. Baadaye kijana huyo alichukua jina la Murphy kwa heshima ya babu, na ndilo jina lililobaki katika historia.

Lexington ulikuwa mji wa farasi. Malisho yake yalijulikana nchi nzima, na kazi ya kuwatunza farasi, kuwafunza na kuwapanda ilikuwa mikononi mwa watu weusi tangu enzi za utumwa. Uhuru ulipokuja, wengi waliendelea na kazi hiyohiyo, safari hii kwa ujira. Kentucky Derby ya kwanza, iliyofanyika Louisville mwaka 1875, ilikuwa na farasi 15, na wapandaji 13 kati yao walikuwa weusi. Mshindi, Oliver Lewis, alikuwa mmoja wao, na Ansel Williamson, aliyemfunza farasi wake, alikuwa mtu mweusi aliyewahi kuwa mtumwa.

Mama yake Isaac alifanya kazi ya udobi, na kupitia kwa waajiri wake kijana alifikishwa kwenye mazizi ya farasi. Alikuwa mdogo wa umbo na mwepesi. Mwalimu wake wa kwanza alikuwa Eli Jordan, mfunzaji mweusi mwenye uzoefu mrefu. Alianza kushindana mwaka huo wa 1875, akiwa na umri wa miaka 14.

Namna alivyopanda

Sifa yake haikuchelewa. Mwaka 1879 alishinda mashindano ya Travers huko Saratoga, katika jimbo la New York, akimpanda farasi aliyeitwa Falsetto. Wakati huo huo ikasimuliwa kwamba wacheza kamari walimwendea wakitaka amzuie farasi wake kwa malipo, naye akakataa. Habari kama hizo zilimfuata maisha yake yote. Katika mchezo uliojaa fedha za kamari, jina lake likawa dhamana ya uaminifu, na watu waliweka fedha zao juu ya farasi wake kwa sababu walijua mpandaji hawezi kununuliwa.

Mtindo wake ulikuwa wa utulivu. Hakupenda kumchapa farasi. Alikaa wima juu ya tandiko, akamwongoza mnyama kwa mikono na hatamu, akahesabu mwendo wa safari nzima kichwani, na akaachia nguvu pale tu zilipohitajika. Kwa hiyo ushindi wake mwingi ulikuwa mwembamba: shingo, kichwa au pua. Watazamaji walishika roho, lakini yeye alijua anachofanya. Kumshinda mwenzako kwa hatua 20 humchosha farasi bila faida, kwani zawadi ya aliyeshinda kwa pua ni ileile.

Ushindi uliongezeka. Alishinda Kentucky Derby mwaka 1884 kwa farasi Buchanan, mwaka 1890 kwa Riley, na mwaka 1891 kwa Kingman. Hakuna aliyekuwa amefikisha mara 3 kabla yake, wala aliyekuwa ameshinda miaka 2 mfululizo. Rekodi yake ilifikiwa na Earl Sande mwaka 1930 na kupitwa na Eddie Arcaro mwaka 1948. American Derby ya Chicago, ambayo siku hizo ilikuwa na zawadi kubwa, aliishinda mara 4. Yeye mwenyewe alidai ameshinda mbio 628 kati ya 1,412, yaani asilimia 44. Waliopekua kumbukumbu za magazeti baadaye walipata ushindi 530 katika mbio 1,538, yaani asilimia 34. Hata kwa hesabu hii ndogo, wapandaji wachache sana duniani wamewahi kumkaribia.

Fedha nazo zilikuja. Alikuwa miongoni mwa wanamichezo waliolipwa vizuri zaidi Marekani, wa rangi yoyote. Alimwoa Lucy, wakanunua nyumba nzuri Lexington, na wakawa watu wa kuheshimika mjini.

Nguvu ya wasimamizi

Ili kuelewa kilichompata mwaka 1890 inafaa kueleza jinsi nidhamu ilivyokuwa. Mbio za farasi ni mchezo wa hatari. Wanyama wenye uzito wa karibu kilo 500 hukimbia shoti wakiwa wamesongamana, na mpandaji mmoja akimwelekeza farasi wake upande bila kutazama, anaweza kuwaangusha watatu nyuma yake. Kwa hiyo tangu zamani viwanja vimekuwa na wasimamizi wenye mamlaka ya kumtoza mpandaji faini, kumsimamisha kwa siku kadhaa, au kumfungia kabisa.

Marekani ya miaka ya 1880 haikuwa na chombo kimoja cha kusimamia mchezo. The Jockey Club ya New York iliundwa mwaka 1894 tu. Kabla ya hapo kila uwanja ulikuwa na wasimamizi wake, wengi wao matajiri waliokuwa na farasi wao au marafiki wenye farasi. Walikaa jukwaani, wakatazama kwa macho, na wakaamua. Hapakuwa na filamu ya kurudisha nyuma, wala daktari wa kumpima mpandaji kabla hajapanda, na mpandaji hakuwa na mahali pa maana pa kukata rufaa.

Nguvu hiyo ilikuwa na sura mbili. Historia za Derby zinasimulia kwamba mwaka 1884 Murphy alisita kumpanda Buchanan, farasi mkorofi ambaye siku chache kabla ya hapo alikuwa ametoroka naye kwenye mbio. Akaambiwa kwamba asipotimiza ahadi yake atasimamishwa. Akapanda, na akashinda. Ushindi huo umefunika swali ambalo lingeulizwa kwa sauti kubwa kama angeanguka. Kanuni zilizowekwa ili kumlinda mpandaji dhidi ya hatari ndizo zilizotumika kumrudisha kwenye hatari.

Juni na Agosti 1890

Mwaka 1890 Murphy alikuwa kileleni. Mwezi Mei alishinda Derby. Juni 25, katika uwanja wa Sheepshead Bay, New York, alimpanda Salvator kupambana na Tenny peke yake, farasi wawili tu uwanjani. Tenny alipandwa na Edward Garrison, mzungu aliyesifika kwa kuchelewa nyuma na kisha kufyatuka mwishoni. Garrison alifyatuka kama kawaida yake, na pengo likafungwa hatua kwa hatua. Murphy hakutaharuki. Salvator alimaliza mbele kwa kiasi kidogo sana, na kumalizika kwa mbio hizo kukapigwa picha. Kwa Wamarekani weusi siku hiyo ilikuwa zaidi ya siku ya michezo.

Miezi miwili baadaye, Agosti 26, katika uwanja wa Monmouth, New Jersey, Murphy alipangiwa kumpanda Firenze katika mbio za Monmouth Handicap. Firenze alikuwa farasi jike bora, mali ya James Ben Ali Haggin, tajiri yuleyule aliyemiliki Salvator. Wengi walimpa nafasi kubwa ya kushinda.

Walioangalia waliona jambo lisilo la kawaida tangu mwanzo. Murphy, aliyekuwa akikaa juu ya tandiko kama aliyepigiliwa misumari, alikuwa akiyumba. Hatamu zilimlegea. Farasi alikwenda atakako. Kundi lilipoondoka, Firenze alibaki nyuma na kupotea njia, na mpandaji hakuonekana kuwa na nguvu ya kumrekebisha. Alimaliza wa mwisho. Baada ya kuvuka mstari Murphy aliteleza na kuanguka chini.

Hukumu haikungoja. Magazeti ya New York ya siku iliyofuata yaliandika kwamba alikuwa amelewa. Wasimamizi wa Monmouth walimsimamisha. Mtu aliyejenga jina la uaminifu kwa miaka 15 alipewa jina jingine kwa dakika chache.

Murphy alikana. Alisema alikuwa mgonjwa, na aliamini kwamba amelishwa sumu. Maelezo hayo hayakuwa ya ajabu: fedha nyingi za kamari zilikuwa juu ya Firenze, na kumdhuru mpandaji au farasi ilikuwa hila inayojulikana. Yapo maelezo ya tatu, ambayo hayahitaji mhalifu wala chupa. Murphy hakuwa mwepesi tena. Kila majira ya baridi uzito wake ulipanda hadi zaidi ya kilo 60, na kila majira ya kuchipua alilazimika kuushusha hadi kama kilo 50 kwa njaa, kwa matembezi marefu na kwa kutoa jasho akiwa amejifunika nguo nzito. Aliufanya mwili wake hivyo mwaka baada ya mwaka. Mtu wa namna hiyo anaweza kuyumba juu ya farasi bila kugusa tone. Na baada ya siku ile aliugua kwa muda mrefu, jambo ambalo ulevi wa mchana mmoja hauelezi kwa urahisi.

Sitaki kumfanya malaika. Murphy hakuwa mtu asiyeonja kileo, na kwa wapandaji wa siku zile mvinyo ulikuwa hata sehemu ya mbinu za kupunguza uzito, kwani uliwapa nguvu kidogo pale chakula kilipokatazwa. Wanahistoria hawajakubaliana kuhusu Monmouth. Pellom McDaniels, aliyeandika kitabu kizima kuhusu maisha yake kilichotoka mwaka 2013, anatukumbusha tusiitenge siku hiyo na hali ya nchi: miezi miwili tu mtu mweusi alikuwa ameshangiliwa kuliko wazungu wote, na wapo waliokuwa wakingoja aanguke.

Baada ya hukumu

Murphy alirudi. Mei 1891 alishinda Derby yake ya tatu akimpanda Kingman, farasi aliyefunzwa na Dudley Allen, mtu mweusi aliyekuwa pia na hisa katika umiliki wa mnyama huyo. Kwa hesabu ya vitabu vya rekodi, hiyo ilikuwa kilele kingine. Lakini kazi zilianza kupungua. Kila alipopoteza mbio, swali la Monmouth liliulizwa upya. Farasi wazuri walipelekwa kwa wengine. Uzito ulikataa kushuka, na inasemekana katika miaka yake ya mwisho pombe nayo ilimzidi. Kama ndivyo, basi jina alilopewa kabla ya wakati lilimngoja hadi akalifikia.

Mbio zake za mwisho zilikuwa mwishoni mwa mwaka 1895. Februari 12, 1896, alifariki Lexington kwa maradhi ya mapafu na moyo. Alikuwa na umri wa miaka 35. Alizikwa katika makaburi ya Wamarekani weusi ya mji huo, na alama ya mti iliyowekwa ikaoza. Kwa miongo mingi kaburi lake halikujulikana na wengi, hadi lilipotafutwa na kutambuliwa katika miaka ya 1960. Mwaka 1967 mabaki yake yalihamishwa, na leo yamelala Kentucky Horse Park, kwa heshima zote. Alikuwa miongoni mwa wapandaji wa kwanza kuingizwa katika jumba la kumbukumbu la mabingwa wa mbio za farasi Marekani mwaka 1955. Mahali palipokuwa nyumba yake Lexington sasa pana bustani yenye jina lake.

Kilichowapata waliomfuata kinahusu nidhamu pia, na ndipo hadithi hii inapouma zaidi. Karibu na mwaka 1900 wapandaji wazungu wa viwanja vikubwa walianza kuwabana wenzao weusi kwenye uzio, kuwazungushia farasi wasipate njia, kuwagonga na kuwachapa mijeledi miguuni katikati ya mbio. Hayo ndiyo makosa hasa ambayo kanuni za uendeshaji ziliandikwa ili kuyaadhibu. Wasimamizi walitazama kwingine. Wamiliki wa farasi, wakiogopa mali yao kuumia, wakaacha kuwaajiri watu weusi. Jimmy Winkfield alishinda Derby mwaka 1901 na 1902, kisha akaenda kutafuta maisha Urusi. Tangu yeye hakuna mpandaji mweusi wa Marekani aliyeishinda. Baada ya mwaka 1921 Derby haikuwa na mpandaji mweusi wa Marekani hata mmoja hadi mwaka 2000.

Ukiyaweka mambo haya mawili pamoja, picha inakuwa wazi. Murphy, ambaye siku ile hakumgonga mtu wala kumziba mtu njia, alisimamishwa mara moja. Waliowagonga na kuwaziba wenzao kwa makusudi waliachwa. Kanuni zilikuwa zilezile. Tofauti ilikuwa katika macho ya msomaji wa kanuni.

Neno na adhabu

Hapa naomba kurudi kwenye taaluma yetu. Kiswahili kinatupa vitenzi vinavyotenganisha vizuri kile kilichoonekana na kile kilichodhaniwa. Kuyumba kunaeleza tukio tu. Kulewa kunaeleza sababu. Katikati yao kuna kulewalewa, neno lililotoka katika mzizi uleule wa kulewa, lakini linaweza kusemwa hata juu ya chombo kinachosukwasukwa na mawimbi, ambacho hakijanywa chochote. Ushahidi wa Monmouth ulithibitisha kulewalewa. Wasimamizi na magazeti waliandika kulewa. Silabi mbili zilizoachwa zilikuwa ndizo maisha ya mtu.

Vivyo hivyo kwa kuanguka. Anayeanguka hatajiwi mkosaji. Anayeangushwa ametendwa na mwingine. Anayejiangusha amejitakia. Mchunguzi mwaminifu huanza na kuanguka, kisha anatafuta ushahidi wa kuongeza viambishi. Asiye mwaminifu huanza na viambishi.

Kuna pia suala la neno uzembe, ambalo ndilo tunalotumia kila siku kwa uendeshaji usio wa uangalifu. Kwa umbo lake ni nomino ya u-, kama ulevi, uvivu na uchoyo. Nomino za aina hii mara nyingi hutaja tabia ya mtu, si tendo lake. Ukisema motari ameadhibiwa kwa uzembe, umeshasema yeye ni mzembe, wa jana na wa kesho. Kanuni za kisasa za mbio za farasi, katika nchi nyingi ikiwemo Uingereza, zinakwepa mtego huu kwa kuuliza juu ya tendo: je, mpandaji alichukua hadhari ambayo mpandaji wa kawaida angeichukua katika nafasi ile? Hazihitaji kuthibitisha nia mbaya, na hazisemi chochote kuhusu roho yake. Uendeshaji usio na hadhari hutengwa na uendeshaji wa hatari, ambao adhabu yake ni nzito zaidi. Tena swali la matokeo hutengwa na swali la lawama: farasi anaweza kushushwa nafasi kwa sababu alimziba mwenzake, na bado mpandaji akaonekana hana kosa kwa kuwa mnyama alihama ghafla. Filamu hutazamwa kutoka pande kadhaa, mpandaji huitwa na kusikilizwa, na akishindwa anaweza kukata rufaa.

Upande wa pili tukubali kwamba lugha yetu inaweza pia kumficha mkosaji. Tunasema ajali haina kinga, na methali hiyo imewaokoa waendeshaji wengi waliostahili kuwajibika. Motari anayebeba abiria watatu usiku bila taa, akiwaangusha, hawezi kujificha nyuma ya methali. Ajali nyingi zina kinga, na kinga hiyo ndiyo hadhari inayodaiwa na kanuni. Nidhamu ya haki haimwonei aliyeyumba kwa ugonjwa, wala haimwachii aliyemsukuma mwenzake ukutani. Ili kuwatofautisha inabidi kutazama kwanza na kutaja baadaye.

Hitimisho

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini kitivo chetu kijishughulishe na mpanda farasi wa Kentucky aliyekufa zaidi ya miaka 120 iliyopita. Jibu langu ni kwamba wengi wetu tutakuja kuwa walimu, wakalimani, waandishi wa habari na makarani wa mahakama. Tutakuwa watu wa kuchagua vitenzi kwa niaba ya wengine. Karani wa baraza anayeandika kwamba fulani alilewa, wakati mashahidi walisema aliyumba, tayari ametoa hukumu, na hakimu anaisoma tu.

Mwezi wa mvua uliopita nilikuwa nyumbani. Motari mmoja aliteleza kwenye mteremko, bidoni mbili zikapasuka, mawese yakatiririka hadi mtaroni. Watu wakakusanyika, na swali lilelile likaulizwa. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi barazani alisimama, akaenda akamgusa kijana paji la uso kwa nyuma ya mkono, kisha akasema tumpe maji kwanza, ana homa. Amandi ya mawese ilizungumzwa kesho yake, naye akiwa ameketi nasi na akijieleza mwenyewe.